Furiko na Gharika: Maji ya Mto Tana na Viumbe Wanaoyategemea



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mto Tana, na hasa juu ya jambo moja la mto huo ambalo watu wengi hulitazama kuwa ni balaa tupu, nalo ni kujaa kwake hata maji yakapita kingo na kuenea nchi kavu. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya watu wengine, na mfasiri ni mtu wa kusumbuliwa na maneno. Neno lililonisumbua safari hii ni "mafuriko". Katika magazeti na katika habari za redio neno hilo lina maana moja tu: nyumba zimebomoka, barabara imekatika, watu wamepanda juu ya miti. Lakini lugha yetu inayo maneno mawili. Maji yazidiyo kiasi na kuangamiza, kama yale ya zama za Nabii Nuhu, huitwa gharika. Kufurika ni kitu kingine. Kisima hufurika, chungu hufurika, na mto nao hufurika wakati wake ukifika, kisha ukarudi mkondoni mwake. Naomba mnikubalie kuyatumia maneno hayo mawili mbalimbali katika mazungumzo haya, maana habari yote ninayotaka kuwaeleza imo katika tofauti hiyo.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya, karibu kilomita 1,000. Huanza katika milima ya Nyandarua na katika mlima Kenya, ukapokea mito kama Sagana, Maragua, Thika na Thiba, kisha ukashuka kuingia nchi kame ya Garissa, Hola na Garsen, hata ukafika baharini karibu na Kipini. Mtu aliyezaliwa Murang'a akipelekwa Hola hawezi kuamini kwamba maji yale yametoka kwao. Huko chini mvua ni haba. Ukiuacha ukingo wa mto na kwenda kwa miguu muda mfupi tu, utakuta vichaka vya miiba na vumbi. Lakini pale ukingoni penyewe kuna msitu mzuri, wenye mikuyu mikubwa, mikindu na migunga, na vivuli ambavyo jua la mchana halivipenyi. Msitu huo haukuoteshwa na mvua ya mahali pale. Umeoteshwa na mvua iliyonyesha mamia ya kilomita mbali, huko milimani, ikateremka pamoja na udongo wake.

Mvua za milimani ni mbili, kwa hiyo na mto nao hujaa mara mbili kwa mwaka. Baada ya mvua za masika hujaa sana katika mwezi wa Mei, na baada ya vuli hujaa tena katika Novemba. Zamani, mwaka ulipokuwa wa kawaida, maji yalipanda polepole, yakaingia katika mifereji ya zamani ya mto na katika maziwa madogo kama Shakababo na Bilisa, yakatandaa juu ya majani, yakakaa majuma kadhaa, kisha yakarudi.

Sasa tazameni kazi iliyofanywa na maji katika majuma hayo. Kambare hataki kutaga mayai katika mkondo wenye nguvu. Hungoja maji yaenee juu ya nyasi, naye huingia humo, mahali penye kina kidogo na joto, penye wadudu na mimea inayooza, akataga. Watoto wake hukulia humo kama watoto katika nyumba ya bibi yao, ambako hakuna njaa. Maji yakirudi, baadhi yao huteremka pamoja nayo mpaka mtoni, na wengine hubaki katika maziwa hayo madogo, pamoja na tilapia na yule samaki mwenye mapafu ambaye watu wa Ziwa Victoria humwita kamongo. Huko ndiko watu huvua wakati wa kiangazi. Furiko likikosa kuja, ziwa halipati maji mapya wala samaki wapya. Huwa kama duka lililoacha kuletewa bidhaa: siku chache bado wanunuzi huja, kisha rafu hubaki tupu.

Miti nayo ina shauri lake. Mbegu nyingi za miti ya ukingoni haziwezi kuota chini ya kivuli cha mama zao. Hutaka udongo mpya, mtupu, wenye unyevu, kama ule ambao mto huuacha upande wa ndani wa kila pindo baada ya kujaa. Hapo huota miche mingi, na mizizi yake huyafuata maji chini ya ardhi kadiri yanavyoshuka. Kila furiko kubwa huleta kizazi kipya cha miti. Mtu akipita leo ataona miti mikubwa akasema msitu ni mzima. Lakini mwenye kujua hainui macho kwanza, huinama akatafuta miche. Msitu usio na miche ni kama kijiji cha wazee watupu.

Katika msitu huo wamo wanyama wawili ambao hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Mmoja ni mbega mwekundu wa mto Tana, na mwingine ni kima mwenye shungi kichwani, ambaye hutembea chini sana akitafuta matunda na mbegu. Mkuyu ni chakula chao, na mkindu ni chakula kikubwa cha yule kima. Hesabu iliyofanywa mwaka 1994 ilipata wanyama elfu moja na mia chache tu wa kila aina. Siku hizi wote wawili wamewekwa katika daraja ya wanyama walio karibu kabisa na kutoweka. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976, nayo ni jambo jema. Lakini askari wa wanyama aweza kumzuia mwenye shoka na mwenye mtego. Hawezi kuyaleta maji ambayo hayakuja. Ulinzi wa msitu ule, kwa sehemu kubwa, umo mikononi mwa mtu anayefungua na kufunga milango ya bwawa, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka hapo, ambaye labda hajapata kumwona mbega wa Tana maisha yake yote.

Wala si wanyama peke yao. Wapokomo wamelima kwa furiko tangu kale. Hupanda mpunga mahali maji yanapofika, na mahindi, ndizi na miembe juu ya kingo, nao husoma mto kama vile watu wa bara wasomavyo mawingu. Waorma huleta ng'ombe zao katika nyasi za delta wakati nchi ya nyuma imekauka, na nyasi hizo ni mabaki ya furiko. Furiko likiwa dogo, mashamba na malisho hubanana katika ukanda mmoja mwembamba. Tuliona mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 damu ikimwagika katika delta, watu zaidi ya mia moja wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo. Lakini ugomvi wa malisho na maji ulikuwamo pia, wala haifai kuuficha.

Basi sasa nifike kwenye mabwawa. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, la Kamburu mwaka 1974, la Gitaru mwaka 1978, la Masinga mwaka 1981, na la Kiambere mwaka 1988. Yote matano yanafuatana kama ngazi juu ya mto mmoja. Masinga ndilo la juu na ndilo ghala: lilijengwa liweke maji kadiri ya mita za ujazo milioni 1,560. Mita moja ya ujazo ni sawa na madebe 50 ya lita 20, basi mwenye subira na ahesabu mwenyewe. Maji yakitoka Masinga huzungusha mashine za Masinga, kisha za Kamburu, za Gitaru, za Kindaruma, na mwisho za Kiambere. Tone moja hufanya kazi mara tano kabla ya kuachiwa kwenda Garissa. Mashine zote pamoja zina nguvu ya megawati 600 hivi. Hii ni kazi kubwa ya uhodari, na mimi ninayeandika maneno haya chini ya taa ya umeme sina haki ya kuidharau.

Lakini mashine ya umeme ina tabia yake. Haipendi maji ya kuja kwa vishindo; hupenda maji ya kadiri moja, Januari kama Mei. Ndiyo maana ya ghala: maji ya masika hufungwa, yatumiwe kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Tokea Masinga lijengwe, maji ya kiangazi huko chini yameongezeka, na maji ya Mei yamepungua. Mtu wa mjini akisikia hayo atasema, "Basi vizuri, mto sasa hauna matata." Naam, umepoa. Ila samaki, miti na mpunga havikuishi kwa wastani wa mwaka. Viliishi kwa lile juma la Mei ambalo maji hupanda juu ya ukingo. Ukimpa mtu sahani thelathini za uji mwepesi badala ya karamu moja ya harusi, huenda kipimo cha chakula kikawa sawasawa, lakini harusi haikufanyika.

Kuna na jambo la udongo. Maji yakisimama bwawani huacha udongo wake chini. Hasara yake ni mbili: ghala lenyewe hujaa matope mwaka hata mwaka, na mashamba ya chini hukosa mbolea yake ya bure. Hapa mkulima wa milimani anahusika, maana matuta yakilimwa vema huko Murang'a na Kirinyaga, matope yanayoingia Masinga hupungua.

Najua kwamba mtu wa Garissa atainua mkono aniambie, "Bwana, unalilia mafuriko ambayo sisi tunayakimbia." Ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 1961 chakula kilidondoshwa kwa ndege kwa watu waliozingirwa na maji. Mwishoni mwa 1997 na mwanzo wa 1998 maji yalivunja hata tuta la shamba kubwa la mpunga lililojengwa katika delta. Yamekuja tena mwaka 2018, na mwishoni mwa 2023, na Aprili na Mei 2024, Masinga lilipojaa pomoni na maji yakapita kwenda zake. Tazameni vema lakini: hayo yote baada ya 1981 yalikuja ijapokuwa mabwawa yalikuwapo. Bwawa lina uwezo wa kumeza furiko la kadiri, lile la kila mwaka, lenye faida. Gharika ikija, bwawa huwa limekwisha kujaa, nalo huipitisha kama lilivyoipokea, na kwa watu waliozoea miaka ya maji madogo wakajenga karibu na mto, hufika kwa ghafula zaidi. Kwa hiyo tumepoteza furiko na gharika imebaki. Sidhani kama yuko mtu aliyeichagua biashara hiyo, lakini ndiyo tuliyoipata.

Je, haiwezekani kufungua milango kwa makusudi, wakati maalumu, ili mto ufurike kidogo kwa kipimo? Inawezekana, na imekwisha kujaribiwa. Katika nchi ya Zambia kuna mto Kafue, ambao hupita katika mbuga tambarare za majani na maji. Humo huishi swala wa majimaji aitwaye lechwe, wa aina isiyopatikana mahali pengine. Lilipojengwa bwawa la Itezhi-Tezhi, lililokwisha mwaka 1977, wajenzi waliongeza nafasi ya maji kwa ajili ya furiko la makusudi: mita za ujazo 300 kila sekunde, kwa majuma manne katika mwezi wa Machi. Hii ilikuwa hekima ya mapema sana, maana siku zile mabwawa mengi ya dunia yalijengwa bila ya kumfikiria samaki hata mmoja.

Hata hivyo mambo hayakwenda kama yalivyotazamiwa. Mahali pengine maji yalikaa juu wakati wa kiangazi, mahali pengine hayakufika wakati wa masika. Viwanja ambako lechwe huzaliana vikalowa wakati ambapo vingalipaswa kuwa vikavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanyama hao walihesabiwa kadiri ya 90,000. Baadaye walipungua kwa karibu nusu, na uwindaji wa wizi nao ulisaidia kuwapunguza. Baada ya mwaka 1999 Wizara ya maji ya Zambia, shirika lao la umeme na shirika la WWF walikaa pamoja kutengeneza upya kanuni za kufungua bwawa, ili maji yafuate mvua kama yalivyokuwa yakifuata zamani. Nimeileta habari hii kwa sababu inatufundisha kwamba haitoshi kuandika namba moja katika kitabu na kufungua mlango kila mwaka siku ile ile. Mvua zina mwaka wa neema na mwaka wa ukame, na mwenye funguo lazima aende nazo.

Huku kwetu tunalo jambo moja la bahati. Chini ya Kiambere Tana hupokea mito mingine ya mlima Kenya, kama Mutonga, ambayo haijafungwa na ngazi ile ya mabwawa. Mito hiyo ndiyo bado humpa Tana pumzi ya zamani katika Mei na Novemba. Ikiwa milango ya juu itafunguliwa siku zile zile ambazo mito hiyo imejaa, maji kidogo ya bwawa yataongezwa juu ya maji mengi ya Mungu, na mto utavuka ukingo bila ya ghala kumalizwa. Lakini kuna shauri la siku nyingi la kujenga bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, na mahali palipotajwa ni chini ya pale Mutonga unapoingia. Likijengwa, maji hayo nayo yatakuwa na mlango. Katika miaka ya 1990, mpango huo ulipokuwa ukichunguzwa, wataalamu walizungumza juu ya kufungua furiko la makusudi kutoka hapo. Neno hilo lisisahauliwe katika makaratasi. Bwawa ambalo halikuwekewa tangu mwanzo milango mikubwa ya kutosha haliwezi kutoa furiko hata mkubwa wake akitaka kwa moyo wote, kama vile birika haliwezi kumimina kama ndoo. Nafasi ya kusema ni kabla ya saruji kumwagwa.

Mtu wa Nairobi huenda akasema kwamba maji yanayopita bila ya kuzungusha mashine ni fedha zinazotupwa. Namjibu hivi. Kwanza, maji ya furiko yakitoka Masinga, sehemu yake kubwa huzungusha mashine njiani. Inayopotea ni ile tu inayozidi nguvu zake. Pili, zamani nchi hii ilitegemea mito kwa sehemu kubwa ya umeme wake, lakini leo mvuke wa Olkaria unatoa umeme mwingi kuliko mito, na upepo na jua vimeongezeka. Mto waweza kupumzishwa majuma machache bila ya mji kuingia giza. Tatu, yeye mwenyewe akifungua mfereji jikoni kwake, maji anayokunywa kwa sehemu kubwa ni ya mito ya Tana, kutoka Sasumua na Ndakaini. Tayari amekwisha kula katika sahani ya mwenzake wa chini.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile ya 2016 iliyoshika mahali pake, zinatambua kitu kinachoitwa akiba ya mto, yaani maji ambayo hayana ruhusa kugawiwa mtu, kwa sababu ni ya mahitaji ya lazima ya watu na ya kuhifadhi viumbe wa majini. Ni sheria njema. Hatari yake ni kwamba mtu mvivu aweza kuisoma kana kwamba ni kipimo cha wingi tu: maji madogo yakipita daima, akasema akiba imetimia. Mbegu ya mkuyu haijui wastani. Kambare hajui wastani. Wenye kuandika kanuni lazima waandike na miezi pia, na siku ngapi maji yakae juu ya ukingo, na jinsi ya kufunga. Maana kufunga kwa ghafula ni kosa baya kama kutofungua kabisa: samaki wadogo huachwa majanini wakafa, na kingo zilizolowa huporomoka. Na kufungua kwa wakati usiofaa, katika kiangazi, huchukua mayai ya mamba na ya ndege waliotaga juu ya mchanga wakiuamini mto.

Limebaki shauri la kuwaambia watu. Furiko la makusudi ambalo halikutangazwa ni gharika kwa mtu aliyelala ukingoni. Yafaa machifu, redio na simu za mkononi zitumiwe majuma mengi mbele, kwa Kipokomo, kwa Kiorma na kwa Kisomali, si kwa Kiswahili na Kiingereza tu, ili mwenye mpunga awe na mbegu tayari, mwenye ng'ombe awe amewahamisha, na mwenye mtumbwi awe ameufunga. Na habari isiende upande mmoja. Kule Garissa mto umepimwa kwa miaka mingi, na namba zake zimo katika vitabu. Lakini ni maji yafike wapi ndipo ziwa Shakababo lipate samaki, na yakae siku ngapi ndipo mpunga ushike mizizi, hayo wanayajua wazee wa Ngao na wa Garsen. Mhandisi atakayepanga kufungua na afunge safari aende akawaulize kabla ya mwezi wa Aprili, maana masika yakianza barabara ya huko haipitiki.